Jua au Chai

Kwa miaka nimekana kwamba nilipiga magoti. Nimekana mbele ya Papa Josue, mzee wa kanisa aliyenikuta; nimekana mbele ya wanawake wa kanisa, waliosimuliwa na Papa Josue; nimekana hata kwenye makala moja niliyoandika juu ya watu wazima wanaopagawa na mambo ya angani, ambamo nilijichora kama shahidi mwenye akili timamu aliyesimama pembeni na kikombe mkononi. Sikusimama pembeni. Nilipiga magoti kwenye majani yaliyolowa, nyuma ya nyumba ya kupanga huko St Marys, magharibi ya Sydney, mbele ya ndoo ya njano ya plastiki iliyofunikwa kifudifudi, na wala sikuwa naomba chochote. Papa Josue aliponimulika kwa simu yake na kuniuliza ninafanya nini, nilisema natafuta hereni.

Mwezi uliopita Mwalimu Domitila, aliyekuwa amenipangisha chumba kule, alinipigia kusema kwamba mwenye nyumba anataka kujenga kijumba cha pili kule nyuma, kwa hiyo kipimo chake cha sumaku, kilichozikwa chini ya ile ndoo, lazima kichimbuliwe kihamie kwingine, na kwamba yeye na mgongo wake hawaelewani tena. Nilipanda treni kutoka Liverpool, ile ya Sydney, nikabadilisha Parramatta, nikafika na buti zangu za mvua. Tulichimba kwa sepetu ya plastiki, ile ya watoto ya kuchezea mchanga, maana mazoea hayafi upesi. Chini ya ndoo udongo ulikuwa mkavu na mweupe, duara kamili, kana kwamba mvua ya miaka yote hiyo haikuwahi kuambiwa habari zake. Tulipolivuta lile bomba lenye kipimo ndani, lilitoka na sauti kama jino. Mwalimu akalipangusa kwa khanga, akanitazama, akasema, "Unakumbuka hereni?" Nikamjibu kwa uso mkavu kwamba ilikuwa hereni kweli. Nilikana tena, pale pale, ingawa utetezi wangu ulishavunjwa siku nyingi kwa namna nitakayoieleza. Usiku huo, nyumbani, niliona aibu kuliko nilivyoona siku yenyewe. Ndiyo maana naandika.

Wenzangu wakiandika juu ya mwaka uliowafanya wawe walivyo, huandika mwaka wa kumi na saba, wenye mapenzi na mitihani. Wangu ulinikuta nina miaka arobaini na moja na miwani ya kusomea. Nilikuwa nimekuja Sydney kusoma shahada ya pili, nikaimaliza, nikagundua kwamba mji mzima hauhitaji mtu wa kuchambua ushairi wa Kiswahili, nikawa mkalimani Liverpool. Ni kazi nzuri kwa mtu asiye na lake la kusema. Kutwa nilisema maneno ya watu wengine, kwa nafsi ya kwanza: mimi nina maumivu ya kiuno, mimi naomba nyumba ya serikali, mimi mume wangu amenikimbia. Jioni nilirudi St Marys kwenye chumba nilichopangishwa na Mwalimu, nikakaa kimya kama redio iliyozimwa. Maandishi yangu ya wakati ule yalikuwa ya kejeli tupu. Nilikuwa nacheka kila kitu kwa sababu kucheka hakuhitaji kuamini.

Mwalimu Domitila alikuwa Mrundi aliyefundisha fizikia kambini Tanzania kwa miaka mingi, na hapa Sydney alikuwa akiosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya asubuhi. Msomaji asijiandae kukutana na mtu mnyenyekevu. Unyenyekevu haukuwa kwenye mizigo aliyokuja nayo. Alisahihisha mahubiri ya mchungaji akiwa amekaa mstari wa mbele, alimsahihisha dereva wa basi, alinisahihisha mimi jinsi ya kukata kitunguu. Na kwenye chumba cha kufulia nguo, juu ya mashine ya kufulia, aliweka kompyuta ndogo yenye kioo ambacho mstari mmoja wa buluu ulitambaa juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, mchana na usiku, ukiandika hali ya sumaku ya dunia kama inavyofika St Marys.

Waya ulitoka kwenye kompyuta ile, ukapita dirishani, ukazikwa kando ya uzio hadi mwisho kabisa wa bustani, kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa alama na kofia tu. Kipimo chenyewe kilikuwa chini yake, kwenye bomba la plastiki, mbali na nyumba kadiri ua ulivyoruhusu. Kila dakika namba moja ilisafiri kwenye ule waya, ikaingia kwenye mtandao wa watu wa kujitolea wenye vipimo kama hivyo, Tasmania, New Zealand, Australia ya bara na pande nyingine za dunia, na mistari yao wote ilipangwa kwenye ukurasa mmoja, mmoja chini ya mwingine, mtu yeyote aichukue bure. Wa kwetu ulikuwa wa mwisho kabisa, na pembeni yake paliandikwa kwamba kituo kiko kwenye majaribio. Majaribio yalikuwa ya mwaka mmoja, na ni huo mwaka ninaousimulia. Msimamizi, Bwana Keith, mwalimu mstaafu wa Tasmania mwenye sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa, alisema wazi tangu mwanzo kwamba ana mashaka. Magharibi ya Sydney kuna watu wengi mno, magari mengi mno, na treni za umeme zinazofanya mstari utetemeke mpaka zilale. Mwaka ukiisha, ama namba zetu zingeingia kwenye hazina ya kudumu ambayo watafiti huchota, ama tungeshukuriwa kwa ushiriki wetu.

Mwalimu alitaka hazina. Alinieleza kwa nini jikoni, siku za mwanzo, huku akipepeta maharage kwenye ungo. "Kambini nilifundisha sumaku bila sumaku," alisema. "Nilichora ile mistari yake chini, kwenye vumbi, kwa kijiti. Kaskazini inatoka, kusini inaingia. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akasema, Mwalimu, wewe umeiona hiyo mistari? Nikasema ndiyo." Akapuliza makapi. "Bon. Darasani nimesema uwongo mara moja tu, na ni hiyo." Kisha akasema kile ambacho mimi, mwandishi wa kejeli, nilikificha moyoni nisikicheke. "Nataka siku moja mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, achukue namba yangu aitumie kazi. Asijue mimi nani. Namba tu iwe kweli."

Sheria za nyumba zilitokana na hilo. "Chuma kilichotulia hakina neno, kipimo kinakizoea," alisema. "Chuma kinachosogea ndicho mwongo." Kwa hiyo ule mwavuli wa chuma wa kuanikia nguo, unaozunguka kwa upepo kwenye kila ua wa mji huu, tuliufunga kwa kamba kwenye uzio, na mtu aliyeanika ndiye aliyezunguka. Bustani ya lengalenga, mchicha wa Warundi, iliyokuwa karibu na ndoo, haikuguswa na jembe, tulilima kwa vijiti na kile kisepetu cha watoto. Kabla ya kupita mwavuli wa nguo ulitoa funguo, mkanda, pini za nywele, na kama sidiria yako ina waya, nayo pia. Nimewahi kuchuma mboga bila sidiria kwa ajili ya sayansi, kwenye baridi ya mwezi wa sita, na jirani akanipungia mkono.

Nilianza kwa kucheka, kama kawaida yangu. Nilimwandikia rafiki yangu Morogoro kwamba naishi na mwanamke anayefuga mstari. Lakini nguo lazima zifuliwe, na mtu anayengoja mashine imalize kukamua hana pa kutazama isipokuwa kwenye kioo. Nikaanza kuujua. Niliujua mtetemo wa treni za asubuhi, na utulivu wa alfajiri wakati reli inapolala. Halafu nikaona kitu ambacho hakikuwa treni. Kila siku mchana, siku njema isiyo na lolote, mstari ulishuka taratibu kama mtu anayeinamisha kichwa, ukakaa, kisha ukainuka. Nikamuuliza Mwalimu kama mashine ina hitilafu. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyengojea swali hilo tangu nihamie.

"Ni jua linapita," alisema. "Huko juu kabisa, juu ya mawingu, juu ya ndege, hewa inachomwa na jua mpaka inabeba umeme. Umeme unazunguka kama maji kwenye sufuria. Sisi chini huku, sumaku yetu inainama." Akanifungulia ule ukurasa wa mtandao. "Sasa tazama New Zealand. Wao wameinama kabla yetu, kwa sababu jua limeanza kwao. Sisi tunafuata. Halafu wale wa bara. Kila mtu kwa saa yake." Nilisimama pale na kapu la nguo kiunoni, nikatazama mistari ile inavyoinama mmoja baada ya mwingine, kusanyiko zima, kila siku ya Mungu, na mimi nilikuwa nimeishi miaka arobaini na moja chini ya jambo hilo nikidhani mchana ni wakati wa kula. "Na ikitokea siku wote wakaruka pamoja," Mwalimu aliongeza, "dakika ileile, bila kungoja jua lifike kwao, basi hiyo si mchana wa kawaida. Hiyo ni dhoruba. Jua limerusha upepo wake, na dunia nzima imepigwa mara moja."

Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na Jumapili jioni niliwasikia Mwalimu na mama yake wakiongea kwa simu, Sydney na Makamba kule Burundi, Kirundi kitupu, nikiokota neno moja moja. Mara nyingi lilikuwa "sumaku". Siku moja alitoka chumbani anafuta macho kwa kucheka. "Mama anauliza, hicho unachopima kinaonekana? Nikasema hapana. Kinalika? Hapana. Basi, anasema, umekuwa padri." Mama yake alikuwa na kawaida ya kuuliza habari za mstari kabla ya kuuliza habari za afya. Umelalaje, mstari? Ndivyo Mwalimu alivyonitafsiria. Na mimi, bila kujua tangu lini, nikawa nimeanza kuandika tena. Si kejeli. Aya fupi fupi, juu ya wazee wa Liverpool ninaowasemea, nikijaribu tu namba iwe kweli.

Mama yake alifariki Alhamisi, mwezi wa tano, majaribio yakiwa yamebakiza wiki chache. Msiba ukianguka kwetu hapa, Warundi na Wakongo na sisi wengine, hakuna anayealikwa na hakuna anayezuiwa. Unakuja. Samani za sebuleni zilitolewa, godoro likawekwa sakafuni, Mwalimu akakaa juu yake na khanga kichwani, na kuanzia hapo hakuruhusiwa kushika kazi yoyote mpaka matanga yaanuliwe, hata kunyanyua kikombe. Nilipoinama kumpa pole alinishika kifundo cha mkono, akaninong'oneza, "Angalia mstari." Hakusema zaidi. Mtu aliyefiwa hawezi kuwaambia waliokuja kumlilia kwamba waegeshe magari yao mtaa wa pili.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku kubwa, maana ndiyo siku ya maziko kule Burundi, na ingeonyeshwa kwa simu. Saa nne asubuhi ya kwao ni saa kumi na mbili jioni ya kwetu. Mvua ilinyesha kutwa, ile mvua nyembamba ya Sydney isiyo na hasira wala haya. Wanawake wa kanisa walikuja na viti vya chuma vya kukunja na zile sufuria zao nyeusi nzito, wakapika maharage, ndizi na sombe, kile kisamvu, nyumba ikanuka dagaa mpaka kwenye mapazia. Kuanzia mchana mimi nilikuwa kituo cha treni, nikiwapokea waombolezaji waliotoka Liverpool na kuwaelekeza kwenye basi. Niliporudi jioni ua ulikuwa umepangwa vizuri ajabu. Hapakuwa na kiti wala sufuria karibu na nyumba. Nikafurahi, nikadhani labda mvua imewafanya waingize vyote ndani.

Saa kumi na mbili ilipokaribia waliweka simu juu ya kabati, na watu wote wakajibana sebuleni kutazama kilima chenye udongo mwekundu na watu wenye miavuli. Nilitumwa vikombe. Vikombe vilikuwa kwenye beseni, chumba cha kufulia. Nikaingia, nikawasha taa, nikainua macho kwenye kioo, na mbele ya macho yangu mstari ukaruka. Haukutetemeka kama wa treni. Uliruka wima kama mtu aliyeguswa mgongoni na mkono wa baridi, ukakaa juu kidogo, kisha ukaanza kuanguka, ukaanguka, ukatoka nje ya kioo. Nilijaribu kufungua ukurasa wa mtandao kuona vituo vingine, lakini intaneti yote ya nyumba ilikuwa inatazama kaburi. Sebuleni walianza kuimba. Nikajua, kwa sababu uimbaji ulibadilika, kwamba jeneza linashuka.

Sijui kueleza vizuri zaidi ya hivi. Niliweka vikombe chini nikatoka. Mawingu yalikuwa mazito, hapakuwa na cha kuona juu, hata nyota moja. Giza lilishaingia. Nilivua mkanda kwa mazoea, nikauning'iniza kwenye mwavuli wa nguo, nikaenda mpaka kwenye ndoo. Nilifikiri: kile kipigo cha jua kinapita sasa hivi. Kinapita kwenye mawingu haya, kwenye paa, kwenye watu wanaoimba, kwenye mbavu zangu, hakiombi njia. Kama Mwalimu alivyosema, dakika ileile kiko New Zealand na kiko Makamba, kinapita kwenye ule udongo mwekundu na yule mama ndani yake, aliyekuwa akiuliza mstari umelalaje. Mimi niliyekuwa najiona nimesimama nje ya kila kitu nikikitazama na kukicheka, sikuwa nje ya kitu chochote. Hakuna nje. Magoti yalijikunja yenyewe. Nilisikia maji yanaingia kwenye suruali.

"Dada?" Alikuwa Papa Josue, mzee wa kanisa kutoka Uvira, Kongo, mtu mwema anayefanya kazi ghalani, aliyekuwa ametoka kupunga hewa. "Unafanya nini hapa mu mvua?"

"Natafuta hereni."

"Hereni?" Akaja na taa ya simu yake. "Ya dhahabu?"

"Ya kawaida tu."

"Hata ya kawaida iko na mwenyewe. Ngoja nikusaidie." Na mtu yule, na suti yake ya msiba, akainama akapekua majani yote kuizunguka ndoo, akiniuliza ni ya duara au ya kuning'inia, na mimi nikimjibu, mpaka nilipoona huruma nikasema nitaitafuta kesho kukicha.

Kulipokucha niliona. Hatua chache kutoka kwenye ndoo, nyuma ya mlimau, palikuwa na turubai la kijani ambalo jioni, gizani, nililidhania rundo la mbolea. Nilipoliinua nilikuta viti vya chuma vyote vya kanisa vimepangwa kwa heshima, sufuria nyeusi zimepandana, na juu kabisa fimbo ya chuma ya miguu minne ya mzee mmoja. Nilikimbia jikoni kwa Mama Furaha, mkubwa wa wanawake wa kanisa, aliyekuwa anakanda unga wa maandazi.

"Mama Furaha, nani aliweka vyuma kule nyuma?"

"Sisi," alisema kwa fahari. "Mwalimu alisemaka chuma inasumbua mashini yake. Tukasema, leo siku ya msiba, tusimusumbue. Saa tisa hivi tukabeba vyote. Viti, sufuria, hata ile ya mzee ya kutembelea, tukamukalisha. Tukapeleka mbali kabisa na mashini."

"Mashine iko wapi, mama?"

Alinitazama kwa kunihurumia. "Si iko kule kwenye kufua nguo? Tunaonaka ile mustari yake."

Walikuwa wameona mstari, wakaheshimu mahali mstari unapoonekana. Kwa upendo mtupu walikibeba kila kipande cha chuma wakakipeleka mbali na kioo, yaani juu ya kichwa cha kipimo. Nikauliza kama kuna aliyekwenda kuchukua kitu jioni. "Ndiyo," alisema Mama Furaha, "giza ilipoingia. Ile sufuria kubwa, ya chai." Kisha akakumbuka jambo, akafuta mikono, akatoa kwenye mfuko wa aproni hereni moja, ya duara. "Papa Josue alituambia. Tuliipata chini ya kochi. Ni hii?" Nikasema ni hiyo. Nikamshukuru. Ninayo hadi leo, na kuna mwanamke mahali fulani Blacktown anayetembea na moja.

Kwa hiyo hilo ndilo swali nililobaki nalo: nilipigia magoti jua au chai? Redio ilikwishasema kwamba Tasmania watu wameona mbingu nyekundu, dhoruba ya kweli ilikuwepo. Lakini mruko nilioona mimi, ule ulionipigisha magoti, ulikuwa wa nani? Mtandao nao ulishaufuta mstari wetu kwenye ukurasa kwa kushuku hitilafu, pakabaki nafasi nyeupe. Mimi na shahada zangu mbili sikuweza kuitenganisha sufuria na jua kwenye zile namba. Mwalimu angeweza, lakini Mwalimu alikuwa kwenye godoro.

Nilimwambia ilivyokuwa, kwa kunong'ona. Alifumba macho. "Sufuria za alumini?"

"Zile nyeusi."

"Mungu wangu. Za chuma." Wanawake walikuwa wanapita na sahani. Nilimkumbusha kwamba kituo kina haki ya kuitangaza siku kuwa mbovu, inaondolewa, na siku moja haiwezi kutuangusha. Tukituma fujo ile, karibu na mwisho wa majaribio, Bwana Keith angepata sababu aliyokuwa akiitafuta mwaka mzima. Nilisema haya kwa ufasaha wa mkalimani. Mwalimu alifumbua macho. "Siku waliyomzika mama yangu," alisema polepole, "niiandike mbovu?"

"Watatukataa, Mwalimu."

"Watukatae kwa kweli. Tuma zote. Na uandike: viti, sufuria, fimbo ya mzee, saa ngapi viliwekwa, nani alisogeza nini. Andika na chai. Halafu uandike kwa nini."

"Niandikeje kwa nini?"

"Wewe si mwandishi?"

Ukurasa ule ndio maandishi yangu ya kwanza yasiyo na utani hata mmoja, na ilinichukua siku mbili. Neno "matanga" niliposhindwa kulipa mwenzake wa Kiingereza nililiacha lilivyo, nikalieleza. Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makazini, Mwalimu akarudi kwa wazee wake. Hatukusikia neno. Mstari uliendelea kutambaa kwenye kioo, nafasi yetu kwenye ukurasa ikabaki nyeupe. Mwalimu aliacha kuingia chumba cha kufulia. Alinipa nguo zake nimfulie, akisema mgongo unamuuma, na Jumapili jioni, saa ya kumpigia mama yake, alikuwa anakaa na simu mkononi.

Ilikuwa Jumapili kama hiyo, mezani jikoni, tukichambua lengalenga, simu ilipolia. Mwalimu alitazama jina, akanisukumia. Nikaiweka kwa sauti kubwa katikati ya majani.

Bwana Keith alisema habari za jioni, akasema pole kwa msiba, akakohoa. Kisha akaanza, kwa sauti yake ya hali ya hewa. Amechukua namba zetu za siku ile, amezilaza juu ya namba za vituo vingine. Kwetu kuna ngazi moja kubwa, saa tisa mchana, isiyo ya mtu mwingine yeyote. Hizo ni sufuria na viti, kama tulivyoandika. Akishaitoa ngazi hiyo, kila kinachobaki kinalingana na vituo vingine, kila jino. Mruko wa jioni uko kwenye vituo vyote, dakika ileile. Kama nusu saa baada yake kuna ngazi nyingine kwetu, ndogo, safi, kama mtu ameinua kitu kizito. "Nadhani hiyo," alisema, "itakuwa ile chai."

Jua kwanza. Chai ikafuata. Niliona mikono ya Mwalimu imetulia juu ya mboga.

Alikuwa amekaa mwaka mzima akitushuku, Bwana Keith aliendelea, kwa sababu vituo vya mjini humpelekea siku safi mno, makosa yamefichwa. Hii ni mara ya kwanza mtu kumwandikia ni sufuria gani. Siku ile wanaihitaji, vituo viwili vya bara vilizimika kwa radi, na mstari wetu haukukatika. Kwa hiyo kuanzia wiki hii namba za St Marys zinaingia kwenye hazina, pamoja na ile barua yetu, na kuna watu, yeye hawajui, wameshazichukua.

Mwalimu alisogea karibu na simu. Kiingereza chake kilikuwa cha ubaoni, kila neno limesimama wima. "Na Afrika?" aliuliza. "Ule mruko. Burundi?"

Bwana Keith alisema Burundi yenyewe hakuna kituo anachokijua. Lakini vilivyoko Afrika amevitazama, kusini na mashariki, na vyote vimeruka. Dakika ileile. Hakuna sababu Burundi iwe imeachwa.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kana kwamba Tasmania wanamwona. Machozi yalishuka hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na udongo. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, "Kwa hiyo uliyempigia magoti alikuwepo."

"Nilikuwa natafuta hereni."

"Mdogo wangu," alisema Mwalimu Domitila, akanyoosha kidole chenye udongo akanigusa sikio, "masikio yako hayajatobolewa."

Nilijishika sikio. Miaka arobaini na moja, na sikuwahi kutoboa, niliogopa sindano. Papa Josue alinimulika usoni kwa taa ya simu. Mama Furaha alinikabidhi hereni mkononi jua limetoka. Walikuwa na macho, wote. Mwalimu alianza kucheka na mimi nikafuata, tukacheka huku tunalia, mboga zinaanguka chini, mpaka sauti ikatoka katikati ya meza ikiuliza kwa wasiwasi kama bado tuko pale.

"Tupo," alisema Mwalimu, kwa Kiswahili.